Asifuye Mvua Imemnyea: Uhakiki wa Tathmini za Wanachuo katika Kozi za Mtandaoni

Utangulizi

Vyuo vyetu vya theolojia vimewatahini wanachuo tangu vilipoanzishwa. Desturi ya wanachuo kuwapima walimu wao ni changa zaidi, na katika kozi zinazofundishwa kwa njia ya mtandao imeingia pamoja na mitambo yenyewe. Mwishoni mwa muhula mwanachuo hufungua ukurasa wa kozi yake na kukuta fomu inayomngoja. Huijaza, majibu yake hujumlishwa na ya wenzake, wastani hupatikana, na wastani huo hupelekwa kwa mkuu wa idara. Kwa nguvu ya wastani huo kozi yaweza kusifiwa au kufutwa, na mhadhiri wa mkataba aweza kuongezewa muda au kuagwa.

Makala haya yanakusudia kuihakiki fomu hiyo kama tunavyohakiki andiko lolote lililo mbele yetu. Nani anasema? Anamwambia nani? Kwa lugha gani? Tena, ni jambo gani lisilosemwa? Hoja yetu ni moja: tathmini ya mwanachuo ni ushuhuda, lakini fomu tulizozizoea zinaigeuza kuwa kura. Wahenga waliposema asifuye mvua imemnyea, waliupa ushuhuda heshima yake na mpaka wake pia. Aliyenyeshewa asikilizwe, wala asidharauliwe. Lakini aulizwe juu ya mvua iliyomnyea yeye, si juu ya mvua ya nchi nzima.

Tumechagua kuitazama habari hii kutoka Simbo, kata ya Wilaya ya Kigoma. Chuoni, penye ofisi na umeme wa uhakika, watu huiona kozi ikitoka. Huko Simbo huonekana kama imefika. Tofauti baina ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha uhakiki huu.

Fomu na Asili Yake

Fomu ya tathmini haikuzaliwa barani mwetu, wala haikuzaliwa kanisani. Katika miaka ya 1920, Hermann Remmers na wenzake katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitunga kipimo cha kuwapima wahadhiri kwa maoni ya wanafunzi wao. Mwaka 1932 Rensis Likert, naye Mmarekani, alichapisha njia ya kupima misimamo ya watu kwa kuwapa sentensi fupi na ngazi za kukubali au kukataa. Ngazi zake tano ndizo zinazojaza kurasa za mitambo ya leo: nakubali kabisa, nakubali, sina msimamo, nakataa, nakataa kabisa.

Tuzisome sentensi zenyewe. Fomu za aina hii husema, kwa maneno haya au yanayofanana nayo, kwamba mhadhiri aliimudu mada yake. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza hawezi kulishuhudia jambo hilo. Kama angekuwa na uwezo wa kupima elimu ya mwalimu wake katika Kiyunani, asingekuwa na haja ya kozi. Sentensi nyingine husema kwamba malengo ya kozi yalifikiwa. Hilo litaonekana katika mtihani, na zaidi katika usharika miaka miwili baadaye. Nyingine husema kwamba kozi ilikidhi matarajio ya mwanachuo; kwa kipimo hicho, aliyetarajia kidogo ndiye atakayetoa alama za juu. Nyingine tena huuliza kama kazi zilisahihishwa kwa wakati. Jibu la swali hili limo ndani ya mtambo wenyewe, maana kila kazi inayopokelewa na kila kazi inayorudishwa huandikiwa siku na saa.

Maswali ambayo mwanachuo peke yake aweza kuyajibu ni haba. Uliyasoma mafunzo mangapi mpaka mwisho? Ulikwama wapi? Ulipokwama ulimwuliza nani? Ni neno gani la kozi hii uliloweza kulitumia katika mahubiri au katika darasa la kipaimara? Mambo hayo mhadhiri hawezi kuyajua asipoambiwa, na fomu ya ngazi tano haina mahali pa kuyaweka.

Kisha huja hesabu. Mwanachuo mmoja ametoa 5 kwa sababu mafunzo yalimjenga. Mwingine ametoa 1 kwa sababu picha za video hazikufunguka hata mara moja. Wastani wa wawili hao ni 3, ambayo si sauti ya yeyote kati yao. Kilichokuwa ushuhuda wa watu wawili kimekuwa namba isiyo na shahidi.

Mvua ya Simbo

Tumchukulie, kwa mfano tu, mwinjilisti anayesoma kozi ya Agano Jipya akiwa Simbo. Nyumbani anazungumza Kiha, anahubiri kwa Kiswahili, na mihadhara anaisikiliza kwa Kiingereza. Chombo chake cha kusomea ni simu ya mkononi, na bando la intaneti analinunua kwa fedha ambayo ingeweza kununua sabuni na mafuta ya taa. Mhadhara wa video wa saa moja humla bando la siku kadhaa. Kwa hiyo hungoja safari ya mjini Kigoma ili apakue mihadhara mitatu kwa mpigo, au humwomba mwenzake amletee kwa flashi. Na tukumbuke kwamba mkoa wa Kigoma kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli, na kwamba kazi ya kuuunganisha na gridi ya Taifa imefanyika katika miaka hii ya karibuni tu.

Mwinjilisti huyu anapoulizwa kama ubora wa video ulikuwa mzuri, ajibu nini? Akitoa 2, lawama ya mnara wa simu itaandikwa katika jina la mhadhiri. Akitoa 5 kwa sababu alizipata safi kwa flashi ya rafiki, chuo kitaamini kwamba mtandao unafika Simbo bila shida. Majibu yote mawili ni ya kweli kwake, na yote mawili yatakipotosha chuo.

Historia ya ufuko huu ina funzo linalotufaa. Mnamo Oktoba 1871 David Livingstone alifika Ujiji akiwa amechoka na mgonjwa, akitumaini kukuta shehena aliyotumiwa kutoka Unguja. Alikuta imekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa. Huko Unguja vitabu vya hesabu vilionyesha kwamba mizigo ilitumwa, na ni kweli ilitumwa. Mtu mmoja tu aliweza kusema kwamba haikumfikia, naye alikuwa amesimama Ujiji mikono mitupu. Kozi ya mtandaoni ina vitabu vya namna hiyo: mihadhara kumi na minne imepandishwa, wanachuo thelathini wamesajiliwa. Kujua kama mzigo umefika, na umefika ukiwa na nini ndani, hatuna budi kumwuliza mpokeaji, na kumwuliza kwa namna itakayomwezesha kueleza.

Tulikuwa na njia hiyo zamani. Elimu ya theolojia kwa enezi, iliyoanzishwa na Wapresbiteri wa Guatemala mwaka 1963 na baadaye ikaenea katika makanisa ya Afrika, ilisimama juu ya nguzo tatu: kusoma nyumbani, kuhudumu usharikani, na kukutana kila baada ya muda na mwalimu pamoja na wanafunzi wenzake. Katika makutano hayo mwalimu alijua siku ileile kwamba somo la nne halikueleweka. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuwapokea wanachuo wake wa kwanza mwaka 1994, kiliweka vituo mikoani, na Kigoma ikiwamo, ili mwanachuo wa mbali awe na mlango wa kubisha. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, hata vikafunguliwa tena Juni 1, wengi walijifunza kwa haraka jinsi ya kupandisha mihadhara mtandaoni. Jinsi ya kuyarudisha yale makutano ni somo ambalo bado halijafundishwa vya kutosha.

Adabu na Siri

Fomu hudai kwamba jina la mjazaji halitajulikana. Katika darasa la watu mia tano ahadi hiyo yaweza kutimizwa. Katika kozi ya theolojia yenye wanachuo sita, ambamo mmoja tu anatoka Kigoma, sentensi moja juu ya umeme wa Kigoma yatosha kumtaja mwandishi wake.

Tena tusisahau mhadhiri huyo ni nani kwa mwanachuo. Humwita Mchungaji, na pengine Baba Askofu. Huenda ndiye atakayeandika barua ya kumpendekeza, au ameketi katika halmashauri itakayompangia usharika baada ya masomo. Dayosisi ndiyo inayomlipia ada. Mwanachuo wa namna hii akiwekewa ngazi tano mbele yake huchagua ya juu kabisa, si kwa unafiki bali kwa adabu, na pia kwa busara ya methali isemayo mkono usioweza kuukata, ubusu. Msomaji wa fomu akijisifu kwa alama hizo, amesifiwa na hofu.

Kuna na wengine ambao fomu haiwafikii kabisa. Nao ni wale walioacha. Fomu hutolewa mwishoni mwa kozi, kwa hiyo huwauliza waliofika mwisho. Aliyeishiwa bando katika wiki ya tatu, aliyeshindwa kukifuata Kiingereza cha mihadhara, mama mchungaji aliyezidiwa na kazi za nyumbani na za usharika, hawa hawamo katika wastani. Akufukuzaye hakwambii toka. Na kozi iliyowafukuza watu bila kuwaambia watoke yaweza kupata alama 4.8 kutoka kwa wachache waliobaki, nacho chuo kikaiita kozi bora ya mwaka.

Yaliyoonekana Kwingineko

Mtu aweza kusema kwamba hizi ni shida za nchi changa, na kwamba penye umeme na mtandao wa kutosha fomu hufanya kazi yake sawasawa. Tafiti za huko zinasema vingine.

Mwaka 2010 Scott Carrell na James West walichapisha uchunguzi wao juu ya Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani, ambako wanafunzi hugawiwa kwa walimu bila kuchagua. Walimu waliopewa alama za juu na wanafunzi walikuwa na wanafunzi waliofanya vizuri katika kozi ileile. Lakini katika kozi zilizofuata, wanafunzi hao walielekea kufanya vibaya kuliko wenzao waliofundishwa na walimu wasiopendwa sana. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizotangulia, wakazipima upya, na kuona kwamba hapakuwa na uhusiano wa maana kati ya alama alizopewa mwalimu na kiasi ambacho wanafunzi wake walijifunza. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walionyesha katika somo la fizikia kwamba wanafunzi waliotakiwa kufanya kazi wenyewe darasani walijifunza zaidi, huku wao wenyewe wakiona kwamba wamejifunza kidogo kuliko wale waliokaa wakisikiliza mhadhara mtamu.

Utafiti unaotuhusu kwa karibu zaidi ni ule wa Lillian MacNell, Adam Driscoll na Andrea Hunt, uliochapishwa mwaka 2015, kwa kuwa ulifanyika katika kozi ya mtandaoni. Wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, waliongoza makundi mawili kila mmoja. Katika kundi moja alitumia jina lake, katika la pili alitumia jina la mwenzake. Wanafunzi hawakuwaona kwa macho. Kazi zilirudishwa kwa wakati uleule katika makundi yote. Hata hivyo, kwa swali la kurudisha kazi upesi, jina la kiume lilipata 4.35 na jina la kike 3.55. Wanafunzi walikuwa 43 tu, na utafiti mdogo hauthibitishi kila kitu. Lakini unatuonya wazi kwamba hata jambo linaloweza kuhesabiwa kwa saa huonwa kupitia miwani ya mazoea. Kwa Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililokubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji mwaka 1990, onyo hili si la mbali. Tukiajiri mhadhiri mwanamke afundishe kwa mtandao, kisha tukaamua juu ya mkataba wake kwa wastani wa ngazi tano, huenda tukamhukumu kwa jina lake tukidhani tumempima kwa kazi yake.

Ndiyo maana tumesema kwamba siku ya kurudisha kazi iulizwe kwa mtambo. Mwanachuo aulizwe yale tu ambayo mtambo hauwezi kuyajua.

Haki ya Kusanyiko

Je, basi, tuache kuwauliza wanachuo? Wapo wanaosema hivyo. Husema kwamba mtoto hampimi mzazi, na kwamba Paulo alimwonya Timotheo juu ya watu wenye masikio ya utafiti wanaojitafutia walimu wa kuwapendeza. Onyo hilo ni la haki, na ndilo linaloelezwa kwa tarakimu na akina Carrell na West. Hata hivyo Mlutheri hawezi kuishia hapo. Mwaka 1523 Luther aliwaandikia watu wa Leisnig akitetea kwamba kusanyiko la Kikristo lina haki na mamlaka ya kuyapima mafundisho yote. Mwalimu asiyepimwa na wanaomsikia amejifanya bwana juu ya Neno. Watu wa Beroya nao wanasifiwa katika Matendo ya Mitume kwa sababu walimpima Paulo. Lakini kipimo chao kilikuwa Maandiko, wala hawakuulizwa kama somo liliwaridhisha.

Paulo mwenyewe alipata tathmini za kozi ya mbali. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 10, twaambiwa yaliyosemwa juu yake: nyaraka zake ni nzito na zenye nguvu, bali akija mwenyewe ni dhaifu na usemi wake si kitu. Hii ni tathmini iliyogawanya alama, za juu kwa mafunzo ya maandishi na za chini kwa ana kwa ana. Paulo hakuipuuza, wala hakuitafutia wastani. Aliijibu. Alieleza kwa nini alisema alivyosema, akakataa kujilinganisha na wale wanaojipima wao kwa wao, na mwishoni akatangaza kwamba atakuja tena. Mapema katika waraka huohuo, sura ya 3, alikuwa amewaambia kwamba cheti chake cha kumsifu ni wao wenyewe, maisha yao yakisomwa na watu wote. Kwa mwalimu wa watumishi wa Kanisa hakuna kipimo kilicho juu ya hicho.

Luther naye, baada ya kazi ya kuzizuru sharika za Saxony, hakubakia na takwimu za hali ya wachungaji na waumini. Wazuru walikwenda, wakauliza uso kwa uso, wakasikia watu wakishindwa kusema Imani na Sala ya Bwana. Kilichotoka katika uzuru huo ni Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Tathmini ilizaa kitabu cha kufundishia, kilichofupishwa na kupangwa kwa kadiri ya wale waliokutwa hawajui. Yafaa tujiulize ni kozi ngapi zetu za mtandaoni zimeandikwa upya kwa sababu ya yale yaliyosemwa na wanachuo wa mbali.

Hitimisho

Kutokana na hayo twapendekeza mambo machache ambayo chuo chaweza kuyaanza bila kungoja fedha nyingi.

Kwanza, maswali yapunguzwe yabaki yale ambayo mwanachuo ndiye shahidi wake, naye ajibu kwa sentensi zake mwenyewe, kwa Kiswahili akipenda, hata kama kozi ilifundishwa kwa Kiingereza. Asiyeweza kuandika kwenye simu kwa urefu aruhusiwe kurekodi sauti.

Pili, katika kozi zenye watu wachache majibu yapokewe na mtu aliye nje ya idara na nje ya halmashauri ya kupanga sharika, ayaunganishe, aondoe yanayomtaja mtu, ndipo ayapeleke kwa mhadhiri. Na yafanywe katikati ya muhula pia, wakati ambapo bado kuna kinachoweza kurekebishwa kwa faida ya hao hao waliouliza.

Tatu, walioacha kozi watafutwe kwa simu na kuulizwa sababu. Majibu ya watu watano walioondoka yana faida kwa chuo kuliko alama za ishirini waliobaki.

Nne, mhadhiri atoe jibu la maandishi kwa wanachuo, akieleza atakachobadili na asichoweza kubadili. Mwanachuo ambaye hajajibiwa hata mara moja hana sababu ya kusema kweli mara ya pili.

Tano, baada ya mwaka mmoja au miwili, wazee wa kanisa wa usharika anaohudumu mhitimu waulizwe wanasikia nini mimbarani. Wakuu wa majimbo huzuru sharika hata sasa. Kuongeza maswali mawili juu ya mafunzo ya mchungaji katika ziara hizo hakuhitaji mtambo mpya.

Mapendekezo haya yatakula muda, na wahadhiri wetu tayari wana kazi nyingi. Fomu ya ngazi tano ilipendwa kwa sababu ni rahisi kujaza na rahisi kujumlisha. Lakini mwinjilisti wetu wa Simbo ametumia fedha na usiku wake kusoma kozi hiyo, na usharika wake utasikiliza matunda yake kwa miaka thelathini ijayo. Chuo kinachomwomba ushuhuda kina deni la kumsikiliza mpaka amalize kusema. Wakuu wa vyuo na wakuu wa majimbo wanaoyasoma haya wanaweza kuanza na muhula ujao, kwa kozi moja, wakiwa na orodha ya majina ya walioisoma na ya wale walioiacha.